Funda la Maji

Kila asubuhi, kabla hajavaa sketi, Jemedari alikuwa ameshavaa chapeo. Alisimama katikati ya chumba na gagulo lake, macho ameyafumba, akajivika silaha za rohoni moja baada ya nyingine, tena si kwa kunong'ona. Chapeo, ameivaa. Dirii, ameifunga kifuani. Ngao mkono wa kushoto, upanga mkono wa kulia, na Shetani asogee kama ana ubavu. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, na majirani wa upande wa pili walijua kumekucha kwa sauti yake hiyo. Mumewe, fundi saa, mtu mwenye maneno ya kuhesabika, alimngoja amalize ndipo amuulize kwa upole, "Na kandambili umevaa?" Swali ni hilo hilo miaka nenda miaka rudi, na mke wake hakuwahi kuona linachekesha nini.

Jina la Jemedari hakupewa na wazazi. Alipewa na akina mama wa kikundi cha maombi cha Jumatano, wapatao ishirini, waliokutana saa kumi alasiri katika chumba cha nyuma ya kanisa, kule zinakowekwa ngoma na viti vilivyovunjika. Walimwita hivyo kwa sababu alipoomba ungedhani anapanga jeshi. Na hakuna aliyemjua adui kama yeye. Waya wa pasi ukiungua, ni Shetani. Mvua ikinyesha nguo zikiwa kambani, ni Shetani. Kiatu kikibana, Shetani huyo huyo. Mimi naona tumpe haki yake hata yeye. Kiatu kikibana, umenunua kidogo. Lakini hilo huwezi kumwambia Jemedari, maana angekuombea papo hapo, na mtaa mzima ukasikia.

Hata hivyo usije ukadhani vita vyake vilikuwa maigizo. Alikuwa na adui wa kweli na alijua anapoishi: nyuma ya meno yake mwenyewe. Kabla ya kuokoka watu walimwita Redio. Habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, kufikia adhuhuri imeshafika sokoni, tena imetiwa chumvi. Hakusema kwa ubaya, jamani, alisema kwa utamu. Kuna ule wakati mtu anapojua jambo ambalo wenzake hawalijui, wote wakanyamaza na kumgeukia. Kitu kitamu humpanda ulimini, na Redio hakuwa na starehe nyingine duniani. Mpaka siku aliyosema bombani jambo la binti wa jirani, jambo la kweli kabisa, na uchumba wa binti ukavunjika. Alimwona binti yule akipita mbele ya mlango wake amejitwika godoro, anahama, hatazami pembeni. Redio aliingia kanisani Jumapili ile ile. Wenzake waliomba kazi, waliomba waume, waliomba watoto. Yeye aliomba afungwe mdomo.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika duka la dobi. Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya meza ile ile iliyotandikwa blanketi, shati baada ya shati: kola kwanza, kisha mabega, mikono, mgongo, na mbele mwisho kabisa. Aliyemfundisha alikuwa mpiga pasi wa zamani, wale wa kujaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo mpaka yatue kama ukungu. Jemedari aliipata sanaa hiyo hadi akamshinda mwalimu wake. Baadaye tajiri wa duka alinunua chupa za kunyunyizia, akapiga marufuku mambo ya midomo, wateja wasije wakaona. Lakini kikombe cha bati cha Jemedari kilibaki pembeni ya meza na maji yake, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mtu mwenye maji mdomoni hawezi kusengenya. Wenzake wakianza, unamjua yule mama wa ghorofani, eti mumewe, basi yeye anachota funda moja, analishikilia, anaendelea na kola yake mashavu yamevimba. Wakimuuliza anatikisa kichwa. Mazungumzo yakipita, anameza. Miaka kumi na moja alishinda hivyo, na sijasikia jemedari mwingine aliyeshinda kwa silaha rahisi kama ile.

Na duka lenyewe lilimsaidia. Tajiri, mzee mmoja waliyemwita Kola kwa jinsi alivyokagua kola ya shati kabla ya kitu kingine chochote, hakuwa mtu wa kanisa wala mtu wa popote, lakini alikuwa na sheria moja na hakuilegeza. Dobi hana macho. Kila mfuko unapekuliwa kabla nguo haijaingia majini, na chochote kinachopatikana kinatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa kwa gundi, inabanwa kwa pini kwenye hanga pamoja na nguo, na hakuna anayesema neno, si kwa mwenzake, si kwa tajiri, si hata kwa mwenye nguo. Humo mifukoni Jemedari alikuta barua za mapenzi zisizotoka kwa mke, alikuta meno ya bandia, na siku moja alikuta hirizi katika koti la mzee wa kanisa lake mwenyewe. Aliitia kwenye bahasha. Jumapili iliyofuata mzee yule alisimama mbele akawaonya watu juu ya waganga, na Jemedari akawa anatazama viatu vyake. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Kwa hiyo asije mtu akaniambia mwanamke huyu hakujua kutunza siri. Alijua, tena kwa pini.

Duniani alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, waliyepishana miaka kumi na minne. Mama yao alifariki mdogo akiwa bado anabebwa, na dada ndiye aliyembeba, akamsomesha, akamwoza. Sasa mdogo huyo alikuwa mwalimu wa chekechea na kila mtu alimwita Mwalimu. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza mimba ya miezi saba. Watu walimpa pole, akasema asante, akarudi darasani wiki ya tatu, na wote wakasifu kwamba Mwalimu ana moyo wa chuma kweli.

Jumatatu moja saa saba mchana, wapiga pasi wengine wakiwa wamekwenda kula, Mwalimu aliingia dukani na koti lake jeupe la shule mkononi. Alisimama upande wa pili wa meza, mvuke ukipanda katikati yao, akawa analikunjua koti na kulikunja tena.

"Dada, nameza dawa."

Jemedari akauliza dawa za nini. Mwalimu akagusa paji la uso. Akaeleza kwa sauti ya chini, kwa utaratibu, kama yuko mbele ya darasa: kwamba baada ya ile mimba alifika mahali anasimama jikoni asubuhi, birika linachemka, na haoni sababu ya kunyoosha mkono aliepue, kwamba mara mbili alisimama hivyo mpaka maji yakakauka, kwamba mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, ndiye aliyempeleka hospitali, na kwamba daktari alisema ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una jina na una dawa. Ulikuwa mwezi wa nne sasa. Alimeza kidonge kimoja kila siku na chai ya saa nne, ili asisahau.

"Zinanisaidia, dada. Juzi niliimba na watoto, na nilikuwa naimba kweli." Akalikunja koti tena. "Anajua mume wangu, sasa unajua wewe. Basi. Hata shemeji usimwambie. Wazazi wa watoto wakisikia neno akili, hawatauliza la pili."

"Imeingia kaburini," akasema Jemedari, akazunguka meza akamkumbatia, na pasi nusura iunguze shati la watu.

Na alimaanisha. Hapo ndipo panaponikera, kwa sababu angekuwa mnafiki ingekuwa rahisi kumsimulia. Alimpenda mdogo wake kuliko pumzi yake, na kwa kuwa alimpenda, aliogopa. Jumanne aliunguza kola, jambo lililokuwa halijamtokea kwa miaka tisa. Birika lile lilimkaa kichwani. Dawa ni sawa, alijiambia, lakini anayemfanya mwanamke mzima asimame akitazama maji yakikauka ni nani, kama si yule yule? Na yeye ni jemedari wa nini, ikiwa jeshi analo na nduguye anapigwa peke yake?

Ikaja Jumatano. Kikundi kilikuwa na utaratibu wake, na maombi ya jumla jumla hawakuyataka. Katibu wao, mama mrefu aliyekuwa karani zamani na moyoni hakuwahi kustaafu, alikuwa na daftari, na kila wiki aliwakumbusha kwamba ombi lisilo na jina ni jiwe la gizani. Ukileta hitaji unataja jina la mtu, unataja linalomsibu, unataja lilianza lini, ili wote wapige mahali pamoja. Na kabla ya kuanza walisema kwa sauti moja kwamba yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Walilisema kwa nia njema, na kwa kuwa walilisema kila wiki, hakuna aliyekuwa akilisikia tena.

Jemedari alikwenda na nia ya kusema kidogo tu. Zamu yake ilipofika alisema ana ndugu yake anapita mahali pagumu, wamkumbuke.

Katibu akainua kalamu. "Ndugu yupi? Wewe una mmoja tu."

Chumba kikanyamaza. Wanawake ishirini wakamgeukia, viti vikalia. Kikombe chake cha bati kilikuwa dukani, pembeni ya meza, na maji yake. Na kile kitu kitamu kikampanda ulimini. Alikijua, jamani. Miaka kumi na moja hakukionja, lakini ulimi hausahau. Alikijua, na kwa sababu alikuwa kanisani, katikati ya wapendwa, akakiita upako.

Basi akasema. Alisema jina, akasema mimba, akasema birika, akasema hospitali na vidonge na mwezi wa nne. Na machozi yalikuwa ya kweli. Siku hiyo waliomba kuliko walivyowahi kuomba. Wengine walilala sakafuni, mmoja alipoteza kilemba na hakukitafuta. Jemedari alirudi nyumbani mwepesi, akamwambia mumewe leo adui amepigwa. Mumewe akaendelea kuitazama saa aliyokuwa akiitengeneza, akasema vizuri.

Sasa sikiliza lilivyokwenda. Hakuna aliyesengenya. Nataka hilo lieleweke, maana wote baadaye walisema hivyo na walikuwa wakisema kweli. Mmoja alimwomba mumewe ashirikiane naye kumwombea Mwalimu. Mwingine alilipeleka hitaji kwa waombaji wa kazini kwake. Wa tatu alilituma kwa simu kwa dadake aliye mbali, mwombaji hodari, naye akalituma kwa hodari wenzake, likarudi mtaani kwa njia nyingine likiwa limekua: sasa Mwalimu alikuwa ameanza kuongea peke yake. Wa nne alikuwa na mjukuu pale chekechea, akamshauri binti yake wafunge siku tatu kwa ajili ya mwalimu wa mtoto. Binti hakufunga. Alimhamisha mtoto. Redio ya zamani ilikuwa na mdomo mmoja. Hii ilikuwa na mingi, na yote ilianza kwa kusema tuombe.

Ijumaa ya wiki iliyofuata wanawake watatu wa kikundi walikwenda nyumbani kwa Mwalimu bila kualikwa, wamwekee mikono. Walisimama kizingitini wakaiamuru roho ya wazimu imtoke, kwa ile sauti waliyofundishwa na Jemedari, na madirisha ya majirani yakafunguka moja moja. Jumatatu mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alimwambia hakuna anayemfukuza, apumzike tu, na koti la shule alirudishe likiwa limefuliwa. Jumatano wale watatu walitoa ushuhuda kwamba wamefika hadi mlangoni pa adui, na Jemedari akajua mlango huo ni wa nani. Lakini alisema amina, kama wenzake.

Ijumaa, saa saba mchana, Mwalimu aliingia dukani. Hakuzunguka kaunta. Alisimama pale wanaposimama wateja, akaweka koti jeupe mbele yake.

"Lifuliwe na lipigwe pasi," akasema. "La shule hili. Litakuwa tayari lini?"

Jemedari akatoka nyuma ya meza, mikono mbele. Akasema mengi kwa mpigo mmoja: kwamba amesikia, kwamba hivi ni vita, kwamba Shetani amepata pa kupenyea lakini hatafika mbali, watamwaibisha. Mwalimu alimngoja amalize, kama alivyozoea kungoja watoto.

"Shetani hakuwepo siku ile," akasema. "Tulikuwa wawili."

Akaomba tiketi yake kama mteja yeyote. Jemedari akaiandika, Mwalimu akaichukua akatoka, na kupitia dirishani dada yake akamwona akivuka barabara bila kutazama pembeni. Neno dada hakulitamka hata mara moja.

Kwa saa nzima Jemedari alitafuta wa kumlaumu. Katibu na daftari lake. Yule mwenye mjukuu. Wale watatu wa kizingitini. Kwa Shetani alirudi mara nne, na kila aliporudi alikuta meza ile, na mvuke, na watu wawili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mwanamke huyu alikuwa amepekua nguo za watu miaka kumi na tisa bila kupekua zake. Mwisho akalivuta koti lile apekue mifuko, kwa kuwa kazi ni kazi. Mfuko wa kulia ulikuwa na vipande vya chaki, penseli fupi na kifungo cha shati la mtoto. Wa kushoto ulikuwa na karatasi ngumu ya vidonge, kila kidonge na kijumba chake, imefungwa kwa mpira pamoja na kadi ya hospitali. Kadi ilionyesha siku Mwalimu alipoanza karatasi ile. Jemedari akahesabu kwa vidole, akarudia. Zilikuwa zimepita siku kumi na tatu. Vijumba vilivyotobolewa vilikuwa sita.

Tangu Ijumaa ile ya kizingitini mdogo wake hakuwa amemeza kitu. Na sasa vidonge vyote ameviacha mfukoni mwa koti la kurudisha, ama kwa kusahau ama kwa kutotaka tena. Mumewe yuko safarini. Birika liko jikoni.

Mkono wa Jemedari ulikuwa umeshatoa simu. Kidole kilikuwa juu ya jina la Katibu: dharura, wapendwa, mdogo wangu ameacha dawa, ingieni vitani sasa hivi. Kila neno lingekuwa la kweli. Ningependa kukuambia alisikia sauti kutoka juu, lakini hakusikia sauti yoyote. Alichosikia ni utamu ukipanda, hapo hapo, katikati ya hofu, katikati ya machozi. Akashtuka kuliko alivyowahi kushtuka maishani. Miaka yote ile alijivika chapeo kila asubuhi, na adui alikuwa ndani yake akivalishwa pamoja naye.

Akafikia kikombe, akachota funda, akalishikilia. Akarudisha simu mahali pake. Akatia vidonge na kadi kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Koti alilifua mwenyewe kwa mikono, akalikausha kwa pasi, kola, mabega, mikono, mgongo, na mbele mwisho kabisa, kisha akaibana bahasha kwa pini. Mashavu yalikuwa bado yamevimba. Alipokwenda kwa Mzee Kola kuomba ruhusa ya kutoka mapema ilibidi ameze kwanza. Mzee akauliza kuna nini. Jemedari akamwonyesha bahasha. Mzee akaitazama pini, akarudisha macho kwenye mashati yake, akasema nenda.

Mlango wa Mwalimu ulifunguka upana wa kiganja, mnyororo ukiwa umefungwa. Jemedari akapitisha koti na hanga lake, likakwama kidogo, likapita. Kwa ndani akasikia bahasha inachanwa.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna."

"Jumatano utasema."

"Sitasema."

"Uliniambia imeingia kaburini."

 Jemedari akasema nisamehe, na neno likatoka dogo sana kwa mwanamke wa sauti ile. Akamsihi ameze vidonge. Amtukane akitaka, asimwone tena akitaka, lakini ameze.  Kisha Mwalimu akasema, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikouma, "Usiniombee tena. Ukitaka kunipenda, nipende. Lakini usiniombee."

Mlango ukafungwa. Mwambie samaki aache maji kabla hujamwambia Jemedari aache kuomba. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni mpaka jua likaanza kuinama, mdomo ameufumba, hajui aufanyie nini.

Kesho yake alirudi saa kumi na moja na kikombe chake cha bati, amekibeba kwa mikono miwili kisimwagike. Akabisha, akasema ameleta maji ya kumezea. Hakujibiwa. Siku iliyofuata vivyo hivyo, maji akayamwaga mferejini akarudi nyumbani. Siku ya tatu mlango ulifunguka upana wa kiganja, mkono ukatoka, ukachukua kikombe. Akasikia kijumba cha kidonge kikitoboka. Akasikia mdogo wake akimeza. Kikombe kikarudi kitupu, mlango ukafungwa, na hawakuambiana neno. Maji yalikuwemo ndani, bombani, na wote wawili walilijua hilo. Ikaendelea hivyo. Leo mkono unatoka, kesho hautoki, na hakuna aliyekuwa na hakika ya keshokutwa.

Jumatano alikwenda kwenye maombi, kwa sababu asingekwenda wangemfuata. Safari hii alikuwa na kikombe chake. Katibu akafungua daftari, akalikuta jina, akauliza mdogo wetu anaendeleaje, tupe habari tujue pa kupiga. Viti vikalia. Nyuso ishirini zikageuka, na nakuhakikishia hapakuwa na uso wenye ubaya hata mmoja. Utamu ukapanda. Hata toba alikuwa nayo tayari: angesimama mbele yao atubu, alie, aseme jinsi alivyomsaliti mdogo wake. Lakini toba ile ingelazimika kumtaja Mwalimu upya, na birika, na vidonge, na siku saba bila dawa, na wenzake wangelia naye, na yeye angekuwa katikati. Toba nayo ilikuwa na ladha ile ile. Akachota funda.

Wakamngoja. Katibu akauliza tena. Jemedari, mashavu yamevimba na machozi yanamtiririka, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono akachukua kalamu ya Katibu, akalikata jina la mdogo wake mara tatu mpaka karatasi ikatoboka. Hilo ndilo lililowaogopesha. Mmoja akasema kwa huruma kubwa kwamba hii ni roho ya ububu, imemrukia kwa kuwa alikuwa mstari wa mbele. Katibu akachukua kalamu yake, akaandika jina la Jemedari, linalomsibu, na tarehe. Walimzunguka. Walimwekea mikono kichwani na mabegani, wakaiamuru roho itoke kwa sauti aliyowafundisha mwenyewe, na yeye akabaki amekaa katikati yao na maji mdomoni, yameshakuwa vuguvugu. Hakuyameza mpaka alipofika barabarani.

Kufikia Jumapili kila mtu alijua. Hakuna aliyesengenya, waliomba tu. Wateja wawili walitaka mashati yao yapigwe pasi na mwingine, na Mzee Kola akawarudishia nguo zao akawaambia wakapige wenyewe. Asubuhi chumbani palikuwa kimya. Alivaa sketi, akavaa viatu, akasogeza midomo kwa ombi moja fupi la mdomo wake mwenyewe, lile la siku ya kwanza kanisani, na lingine hakuwa nalo. Jirani wa upande wa pili alichelewa kazini mara mbili. Mumewe alisimama mlangoni na swali lake la kandambili, hana pa kulichomeka, akaishia kumwambia aende salama. Chekechea ilikuwa imeshapata mwalimu mwingine.

Jumatatu saa kumi na moja alibisha kama kawaida. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, mkono ukachukua kikombe. Akasikia kijumba kikitoboka, akasikia kumeza. Kikombe hakikurudi mara moja.

"Nimesikia wanakuombea," sauti ikasema kutoka ndani.

"Ndiyo."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Walikaa hivyo, mmoja ndani mmoja nje, mnyororo katikati.

"Pole, dada," akasema Mwalimu.

Kisha mkono ukatoka na kikombe, na mlango ukafungwa. Jemedari akashuka ngazi, akaenda nyumbani na kikombe kitupu, na njiani hakumwambia mtu.